Mama, Kota na Azimio la Musoma

Bibi yangu alipata barua ya kwanza maishani mwake akiwa hajui kusoma hata herufi moja. Ilitoka kwa babu, aliyekuwa ameondoka kijijini mwaka 1942 kujiunga na Keya, jina ambalo wazee wa Mara walilipa jeshi la King's African Rifles. Barua ilifika misheni, na Jumapili baada ya ibada katekista aliifungua na kuisoma chini ya mti, wakwe wakiwa wamekaa upande mmoja na watoto wa jirani upande wa pili. Babu alikuwa mzima. Alikuwa anakula vizuri. Alitaka kujua kama ndama amepona. Bibi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha katekista akamuuliza ajibu nini, mbele ya watu wale wale.

"Nilikuwa na mambo ya kumwambia," alinisimulia miaka mingi baadaye, tukichambua dagaa barazani kwake, kando ya barabara ya Bunda. "Lakini ungemwambiaje mumeo kwa mdomo wa mwanamume mwingine? Nikasema ndama amepona."

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi, kwa sababu naona ndipo inapoanzia historia ambayo vitabu vyetu vya jeshi huipita bila kugeuka. Mara ni mkoa wa askari. David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliingia Keya mwaka huo huo wa 1942 kama askari wa kawaida, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi mwaka 1980. Aliyempokea kijiti mwaka 1988, Ernest Mwita Kiaro, naye alitoka Mara. Musoma, Butiama, Bunda au Tarime, ni nadra kukuta ukoo usio na mtu aliyevaa magwanda. Habari za wanaume hao tunazo: Madagaska, Burma, Mutukula, Kampala. Habari za wake zao tunazijua kwa maneno mawili tu, "walibaki nyumbani" au "waliwafuata". Swali langu ni dogo. Wanawake hao walijifunza nini, wapi, na elimu yao iliwafikisha wapi?

Ndani ya jeshi la mkoloni, jibu ni fupi. Keya lilikuwa na elimu yake. Askari walifundishwa Kiswahili cha kusoma na kuandika, hesabu, udereva, ishara za simu, ukarani. Jeshi lililopigana Burma mwaka 1944 lilihitaji watu wanaoweza kusoma ramani na kutengeneza lori. Mke aliyeruhusiwa kuishi na mumewe "laini", yaani kwenye vijumba vya askari ndani ya kambi, alifundishwa pia, hasa baada ya vita: kushona, kufuma, kumwogesha mtoto, kupanga nyumba. Mara nyingi mwalimu alikuwa mke wa ofisa wa Kiingereza. Sidharau kushona, kwa kuwa cherehani imesomesha watoto wengi nchini. Lakini tofauti ilikuwa wazi. Mafunzo ya mume yalikuwa na ngazi, na kila kozi ilimwongezea alama begani. Mafunzo ya mke yalikuwa chumba kisicho na mlango wa pili: ukimaliza kufuma kitambaa kimoja, unaanza kingine.

Babu alirudi akiwa anasoma gazeti. Bibi alibaki vilevile kwa karibu miaka thelathini.

Kilichombadilisha hakikutoka jeshini. Kuanzia mwaka 1968, Serikali kwa kushirikiana na UNESCO ilianzisha katika mikoa ya Ziwa, Mara ikiwemo, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa. Watu wazima walifundishwa kusoma kupitia kazi walizozijua: pamba, uvuvi, ng'ombe, na kwa wanawake maarifa ya nyumbani. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa ya ngumbaru yakafunguliwa chini ya miembe, makanisani na kwenye maghala ya pamba. Mwaka 1974 gazeti la vijijini lilianza kuchapwa Mwanza kwa ajili ya watu waliojua kusoma juzi na jana, herufi zake kubwa, habari zake za mbolea na kuhara. Jina lake lilikuwa Elimu Haina Mwisho.

Bibi aliingia ngumbaru akiwa na umri wa miaka hamsini hivi. Alikuwa miongoni mwa mamilioni waliofanya mtihani wa taifa wa kisomo wa Agosti 1975. Wakati wa uhuru wengi wa watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986 takwimu za Serikali zilionyesha kwamba asilimia 90 wanajua. Siku zote takwimu hizo zimenifanya nimwone yeye, ameshika penseli kama mtu anayeshika kisu. Alifaulu. Kisha akatoa zile barua za Burma kwenye sanduku la bati na kuzisoma mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Katekista, kumbe, alikuwa ameruka mistari. Hakuniambia ni mistari gani, nami sikuuliza.

Mwaka mmoja kabla ya mtihani ule, mjini Musoma, kilifanyika kikao ambacho kiligusa maisha ya mama yangu kuliko harusi yake. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana hapo na kutoa kile tunachokiita Azimio la Musoma. Lilikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza, kila mtoto aingie shule ya msingi kufikia Novemba 1977, yaani miaka mitatu tu, badala ya kusubiri hadi mwaka 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. La pili, vijana wasiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka Kidato cha Sita. Waende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, wafanye kazi walau miaka miwili, wapate sifa njema kazini, ndipo wakasome.

Jambo la pili tunalikumbuka kama adhabu kwa wasomi. Ukilisoma kwa jicho la kota ya jeshi, utaliona tofauti. Azimio lilikuwa linasema kwamba masomo yanaweza kukatika na mtu asihesabiwe ameshindwa, kwamba kazi na shule vinaweza kupokezana maisha yote. Ni mwanamke gani ambaye maisha yake yalikuwa hivyo tayari, bila azimio lolote? Mke wa askari. Yeye alikuwa akiacha na kuanza, akiacha na kuanza.

Lakini mambo hayakwenda hivyo. Miaka ile ya kusubiri ndiyo ilikuwa miaka ya kuolewa na kuzaa. Idadi ya wasichana walioingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishuka, na haukupita muda mrefu Serikali ikalazimika kuwaondolea wanawake sharti la kufanya kazi kwanza. Nadhani kosa lilikuwa hapa: Azimio lilifikiria muda, halikufikiria mahali. Lilimwambia mtu asome baadaye. Halikumwambia atasomea wapi ikiwa hiyo baadaye itamkuta kilomita elfu moja kutoka alipoanzia.

Suala la mahali lilijibiwa na lile jambo la kwanza, na kwa bahati tu. Kuandikisha watoto wote ndani ya miaka mitatu kulihitaji walimu ambao vyuo havikuwa nao. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1976 Serikali ilichukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha ualimu huko huko vijijini: asubuhi wanafundisha, mchana wanasoma kituoni kwa vitabu vya posta, vipindi vya redio na mwalimu mlezi. Zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hiyo, Daraja la Tatu C. Watu waliwacheka. UPE, walisema, maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu.

Mama alikuwa mmoja wao. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, akaanza kufundisha mwaka uliofuata akiwa na miaka kumi na sita, katika shule ambayo baadhi ya wanafunzi wake walimzidi kimo. Kituo chao cha masomo kilikuwa saa moja kwa miguu. Redio ilikuwa moja, na betri zikipungua nguvu waliziweka juani.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Vijana wa Mara waliondoka kwa malori, wanajeshi na mgambo pamoja. Baba alikuwa ndani ya mojawapo ya malori hayo, mchumba wa mama. Vikosi vilivyoingia Kampala Aprili 11, 1979 vilikuwa na watu wa Divisheni ya 20 ya Musuguri, na nyumbani watu walisikiliza habari kwenye redio ile ile ya masomo ya ualimu. Mama anasema mwalimu wao mlezi aliwaruhusu kusikiliza taarifa ya habari kwanza, halafu somo la saikolojia ya mtoto. Barua za baba alizisoma mwenyewe. Alizijibu mwenyewe. Bibi alimtazama akiandika na kusema, "Mwandikie yote."

Walioana baba aliporudi. Hapo ndipo mama alipogundua kwamba jeshi huhamisha mtu mmoja kwenye karatasi lakini huhamisha maisha mawili.

Uhamisho wa kwanza ulikuwa Nachingwea. Treni kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, kisha basi kuelekea kusini, na pantoni ya kuvuka Rufiji, kwa kuwa daraja la Mkapa halikufunguliwa hadi mwaka 2003. Masika yakikaza, njia ilikatika na watu wakalala barabarani. Katika begi lake mama alibeba vitu vitatu ambavyo hakumruhusu baba kuvigusa: cheti cha ualimu, cheti cha ndoa na barua ya ofisi ya elimu. Vyeti viwili vya kwanza ndivyo vilivyomwezesha kuomba kile ambacho watumishi wa umma mpaka leo hukiita uhamisho wa kufuata mwenza.

Kuna jambo ambalo sisi Watanzania hatulioni kwa kuwa tumelizoea. Marekani, mwalimu au muuguzi aliyeolewa na mwanajeshi alisumbuka kwa miongo mingi kwa sababu leseni ya jimbo moja haikutambulika jimbo jingine. Ni mwaka 2023 tu ndipo sheria ya nchi nzima ilipoanza kulainisha tatizo hilo. Mama alitoka kwa Waikizu na Wajita akashukia kwa Wamwera na Wayao, na Jumatatu iliyofuata angeweza kusimama darasani. Cheti chake kilikuwa cha nchi nzima. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili pwani, ziwani na kusini. Watoto walicheka lafudhi yake ya Mara, wakamwelewa. Kwa mke wa askari, Kiswahili kilikuwa mali ya kubebeka kama cherehani, tena isiyohitaji tiketi ya mzigo.

Kilichokwama hakikuwa cheti. Ilikuwa nafasi, na zamu ya kupanda daraja. Faili lake lilichelewa miezi saba katika ofisi moja, na miezi yote hiyo alikaa kotani bila mshahara akikaanga maandazi. Alipopata shule alikuwa mgeni, wa mwisho kwenye orodha ya kupelekwa kozi. Mkuu wa shule alipomfahamu vizuri, baba alihamishwa Tabora. Huko akaanza tena. Baba, katika miaka hiyo hiyo, alihudhuria kozi tatu na kuongeza V mbili begani. Hakuna aliyefanya hila. Ngazi ya baba ilisafiri naye. Ya mama ilibaki imeegemea ukuta wa shule aliyoiacha.

Na mama alikuwa na bahati, maana alikuwa mtumishi. Majirani zake wengi kotani hawakuwa na faili la kuchelewa. Waliuza sambusa, walifuga kuku nyuma ya nyumba, walifuma vitambaa, walicheza upatu. Mteja wa maandazi hahamishiki. Ukijenga wateja Tabora, Songea unaanza na jiko baridi. Kisha siku ya mume kustaafu, kota inarudishwa, na mwanamke anajikuta kijijini kwa wakwe na ujuzi ambao hauna karatasi. Nimewajua wanawake waliojua hesabu ya biashara kuliko wahasibu, lakini hawakuweza kukopa kwa kuwa hawakuwa na cha kuonyesha.

Ndiyo maana neno analolipenda mama kuliko yote ni kujiendeleza. Walimu wote wa nchi hii wanalijua. Litazame vizuri: ndani yake kuna kuendelea, na kuna mtu anayejisukuma mwenyewe. Tabora alifanya Mtihani wa Maarifa ili aruhusiwe kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliufanya akiwa na mimba yangu, chumba kimoja na vijana wa miaka kumi na minane. Baadaye akapanda hadi Daraja la Tatu A. Tuliporudi Musoma, baba akiwa Makoko, Chuo Kikuu Huria kilikuwa kimeanza. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1992 na wanafunzi wa kwanza walianza mwaka 1994. Mama aliingia kupitia kozi ya msingi. Alisoma usiku kwa taa ya chemli wakati umeme unakatika, nami nikimsaidia kushika kitabu kisijifunge. Alihitimu shahada ya kwanza akiwa na miaka arobaini na mitano.

Siku ya mahafali bibi alikuwa hai bado. Aliomba ashike kile cheti, akakisoma kwa sauti, neno moja moja, kikiwa kimeandikwa Kiingereza asichokijua. Alisoma herufi tu. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Nikiweka maisha yao pamoja naona mpangilio ambao hakuna aliyeupanga. Kila kilichowainua kilikuwa kitu kilichowafuata walipo: ngumbaru iliyokuja chini ya mwembe, gazeti lililotoka Mwanza, redio ya kituoni, mtihani wa kujitegemea, chuo chenye kituo kila mkoa. Kila kilichowarudisha nyuma kilikuwa kitu kilichowataka wakae pamoja nacho. Na katika vyote vilivyowafaa, hakuna hata kimoja kilichobuniwa kwa ajili ya mke wa askari. Alikula kwenye sahani iliyoandaliwa wengine.

Leo sahani hizo zimeongezeka. Bunda kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa, mojawapo ya vyuo vilivyoanza kujengwa nchini mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden. Vyuo hivyo sasa vina mpango wa kuwarudisha masomoni wasichana na mama vijana waliokatisha shule, na mama huja na mtoto wake, ambaye hulelewa hapo chuoni wakati yeye yuko darasani. Jina la mpango ni Elimu Haina Mwisho. Sijui kama waliolichagua walikumbuka gazeti la bibi. Musoma kuna VETA, na maombi ya kufuata mwenza yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki badala ya bahasha za kaki. Lakini mwanamke anayesoma ufundi wa miezi tisa na mumewe akahamishwa mwezi wa sita bado anahitaji mtu wa kumwambia: miezi yako sita tunaihesabu, kamalizie Songea. Hilo si jambo la fedha nyingi. Ni jambo la vyuo kukubaliana na kambi kutoa taarifa mapema.

Mama amestaafu, anaishi Bunda. Kaka yangu aliingia jeshini kama baba, na mkewe, wifi yangu, yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu Huria, anasomea ualimu wa sekondari kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Mwezi uliopita kaka alipiga simu usiku: amehamishwa, anatakiwa kuripoti ndani ya majuma mawili. Wifi alikaa kimya kitandani, mtoto amelala mapajani.

Mama hakumpa pole. Aliuliza jambo moja tu.

"Huko mnakokwenda, chuo chenu kina kituo?"

"Kila mkoa kipo, mama."

"Basi anza na vyeti. Vyombo tutafunga kesho."